Wasifu wa Mzee Kaijage

Kipanya cha kompyuta kilikuwa kimekufa tangu juzi, kwa hiyo Annastella alichapa wasifu wa marehemu kwa vitufe vitupu, kama alivyofundishwa na Rahima, mwenye duka hilo la steshenari pale Kibeta. Mazishi yalikuwa mchana huohuo, kijijini Nyanga. Kaka yake Mugisha alikuwa barazani akisubiri, na yeye ndiye angesoma wasifu mbele ya ukoo.

Maneno yalikuwa ya mzee Kaijage mwenyewe. Annastella alimuuguza hospitalini Rubya, akayasikia yote kitandani pake. Mzee alitaka watoto wake wote watajwe, hata yule wa nje. Wa nje ni huyuhuyu Annastella. Mugisha alikwishasema wanaotajwa ni wa nyumbani tu, na asiyetajwa kaburini, ukoo hauna habari naye tena.

Akafika kwenye majina ya watoto. Alitaka A kubwa. Badala ya Shift, kidole kikakandamiza Ctrl. Ukurasa mzima ukageuka buluu, maandishi yote yamechaguliwa, na kabla hajang'amua, vidole vilivyozoea kazi vilikuwa vimemaliza jina. Wasifu wote ukatoweka. Ikabaki "nnastella" peke yake.

Hakuwa amehifadhi hata mstari mmoja. Akawaza kwamba Tata, baba yake, amekataa. Upuuzi mtupu, lakini mwenye hofu hachagui mawazo. Mugisha akauliza kama tayari, naye akajibu bado kidogo, kwa sauti asiyoijua.

Ndipo akakumbuka onyo la Rahima: ukiharibu, usipapase, bonyeza Ctrl na Z. Akabonyeza, akabonyeza tena. Wasifu ukarudi wote. Jina lake tu halimo.

Angeweza kuuacha hivyohivyo, akamzika baba yake kwa amani. Alilitamani hilo, tusimlaumu. Kisha akatafuta Shift kwa macho, akaandika jina lake. Akahifadhi, akachapisha.

Mugisha alisoma amesimama. Alipofika kwenye majina akamgeukia.

"Nani kasema uandike hivi?"

"Tata, kaka. Kabla hajafa."

Akaikunja karatasi, akamrudishia. "Jina hili siwezi kulitamka mbele ya mama yangu. Utasoma mwenyewe."

Annastella akaogopa kuliko alivyoogopa wasifu ulipopotea. Akapanda pikipiki nyuma ya kaka yake, karatasi kifuani.