Konzi Isiyo Kwenye Hesabu

Mwanangu Tluanga anapenda hesabu tangu utotoni, na mwaka mpya ukiingia ugonjwa huo humpanda kichwani. Januari hii alikuwa na sababu. Kazi ya barabara ilisimama, lori analoendesha limelala bondeni, na tajiri wake amesema hakuna mshahara mpaka Machi. Nguruwe wa sikukuu tulishamla na kijiji kizima.

Basi siku ya pili ya mwaka, baada ya sala ya nyumbani, akatuketisha kando ya moto: mimi mama yake, mkewe Mawii, na mjukuu wangu Muana aliyekuwa ananyonya.

"Fungu la kumi la Bwana limeshatoka, na hilo siligusi," akasema. "Mchele ni kibaba kimoja kwa mlo, basi. Nyama Jumapili tu. Na mama, tambuu mbili kwa siku."

"Mbili? Nikuzae, nikulee, leo unipimie tambuu?"

"Haba na haba hujaza kibaba, mama."

Mawii akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa. "Baba Muana, umepanga vizuri. Tutafika Machi."

Hakumsifu kwa unafiki. Huyu binti akimtazama mumewe hivi, utadhani kuoana ni jana. Nampenda kwa hilo, ingawa simwambii, asije akavimba kichwa.

Januari ikaenda. Sahani yangu ilijaa kama kawaida, ya Tluanga ilijaa, nami nikaanza kuamini kwamba nimezaa waziri wa fedha. Lakini Muana akawa analia. Ananyonya, analia, ananyonya tena, analia. Mashavu ya mama yake yakabonyea. Nikimhimiza ale, jibu ni lile lile: "Nimeshiba, mama, nilikuwa nadonoadonoa jikoni."

Kudonoa nini? Jikoni mle hata panya wamehama!

Asubuhi moja nikamfuata Mawii jikoni. Akapima kibaba cha mchele, akachota konzi ya Mungu, akaitia kwenye kopo lake ukutani. Hakuna ajabu hapo. Kwetu mwanamke hapiki kabla ya kutoa konzi hiyo, na Jumamosi akina mama wa kanisa hupita kuikusanya. Wanaume huisikia ikisifiwa mimbarini. Kuiona hawaioni, jikoni si kwao. Wali ulipoiva akapakua sahani mbili za kujaa. Ya tatu akaitia vijiko viwili vya wali, juu yake akalundika majani ya maboga.

Nikashika kiuno. "Hiyo ni ya kuku?"

Akashtuka, akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Kibaba kimoja hakitoshi kikitolewa konzi, mama. Aliisahau kwenye mpango wake."

"Na wewe mdomo huna?"

"Alifurahi mno siku ile. Nimwambie amemsahau Mungu, yeye? Angeanza kupunguza sahani yake, na kutwa nzima yuko msituni anapasua kuni."

"Basi konzi ingengoja!"

"Mama yangu hakuiacha hata mwaka wa njaa."

"Mungu unayemtolea ndiye aliyemuumba Muana! Unadhani anataka chakula kinachotolewa kinywani mwa mtoto?" Nilifoka hivyo, halafu nikamkumbatia, maana niliona uchungu na aibu. Mlo ule alikula sahani yangu, nami nikamsimamia mpaka punje ya mwisho.

Jioni nikamwita Tluanga. "Leo unapika wewe. Mkeo amelala."

"Mimi? Mama, unataka tufe wote?"

"Pima mchele."

Akapima kibaba chake, kwa kujivuna, akaenda kukimimina chunguni. Nikamshika mkono. "Hujatoa ya Mungu."

Akaingiza kiganja kile cha dereva wa lori, akachota. Akatazama mkononi, akatazama kibabani.

"Ni kila mlo?"

"Kila mlo, tangu hujazaliwa."

Midomo ikawa inamcheza, anahesabu. "Lakini sahani yangu haikupungua, mama. Haikupungua hata siku moja."

Chumbani Muana alikuwa analia, na Tluanga akageuka kuangalia mlango ule. Hapo hesabu ikamkubali, nami moyo ukaniuma kwa ajili yake.

Akatia konzi koponi. Kisha akarudi guniani, akajaza kibaba upya, kikafurika.

"Na mpango?" nikamuuliza.

"Kesho nakwenda kuvunja mawe. Wanalipa kwa kutwa."

Wali wake uliungua chini na juu ukawa mbichi. Akapakua wa katikati, mlima mzima, akampelekea mkewe kitandani kabla ya kutupakulia sisi. Akapiga magoti ashukuru. Huyu mwanangu watu humwita nyumbani kwao awaombee, kwa ufasaha wake. Lakini alisema "Bwana" tu, sauti ikakatika. Akajaribu tena, "Bwana," mabega yakatikisika.

Mawii akamngoja kidogo. Kisha akamwekea mkono kichwani, akasema, "Amina," akaanza kula.