Hatua Tatu Kutoka kwa Gunia

Mshale wa sita wa Lornah ulipita juu ya shabaha ukazama nyasini. Vidole vyake vilikuwa vimeukwanyua uzi tena, kama mtu anayechomoa mwiba, badala ya kulegea na kuuacha uende wenyewe.

"Huyo anawinda ndege," alisema Kageha, mwenzake wa klabu. "Leo tutakula kwarara."

Wenzao walicheka. Mwalimu wao, Mama Jasvir, hakucheka. Leo alikuwa achague mmoja wa kwenda mashindano ya Nakuru, na wote pale uwanjani Mamboleo walijua anamtaka Lornah.

"Wiki tatu umepiga gunia tu, kama nilivyokuagiza, sivyo? Hatua tatu, macho umefumba?"

"Ndiyo, Mama."

Siku mbili tu ndizo alizofanya hivyo. Nyuma ya nyumba yao Obunga alitundika gunia alilolijaza magugumaji makavu ya ziwani, akasimama karibu nalo, akafumba macho ili vidole vijifunze bila kuhangaikia shabaha. Majirani waliopanga foleni ya maji wakamwona. "Nyar Aloo, binti wewe, hilo hata nyanya yangu hawezi kulikosa," mmoja akamwambia. Siku ya tatu Lornah alirudi nyuma hatua ishirini, ili naye aonekane mpiga mishale, na vidole vikarudia ugonjwa wao.

"Basi kosa ni langu," Mama Jasvir alisema polepole. "Marehemu baba alinifundisha hivyo, nami nikawafundisha ninyi nyote. Labda haifai. Kuanzia leo tuyaache hayo magunia."

Aibu ilimpanda Lornah shingoni kama maji ya moto. Akinyamaza, atakwenda Nakuru, na mama huyu atarudi nyumbani akimtilia shaka baba yake aliye kaburini.

"Mama, sikufanya."

"Hukufanya nini?"

"Gunia. Siku mbili tu. Watu walinicheka."

Mama Jasvir hakumfokea, ingawa Lornah alitamani afokewe; alitembea hadi kwenye gunia la klabu.

"Kageha atakwenda Nakuru," alisema. "Wewe njoo hapa. Hatua tatu."

Lornah alisimama mbele ya gunia, karibu aliguse kwa ncha ya mshale. Akavuta uzi hadi shavuni, akafumba macho, machozi yakapenya hata hivyo. Alingoja wamcheke. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.