Kisagio cha Clarrie Tranter

Bibi Beryl Tranter hakuwa na neno lingine mdomoni wiki ile ila Jumamosi. Jumamosi bwana mmoja wa klabu ya wanajeshi wastaafu angekuja kuchukua vitu vya marehemu baba yake, vikawekwe kwenye kabati la vioo kule klabuni. Baada ya hapo bibi mwenyewe angehamia nyumba ya wazee, maana nyumba yake ya Merrylands, mtaa wa jiji la Sydney, Australia, ilishapata mnunuzi. Viti, sahani, mazulia, vyote alivigawa bila kugeuka nyuma. Vya baba ndivyo vilivyomkosesha usingizi.

"Watoto wa shule hupelekwa pale, Candy," alisema. "Watasoma kadi, wamjue baba. Waliomwona kwa macho nimebaki mimi tu. Nikiondoka, kilichoandikwa pale ndicho kitakachokuwa yeye."

Aliyeambiwa hayo ni Candide, binti wa Kirundi aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kulea wazee majumbani mwao. Kila asubuhi alipanda treni kutoka kwao Liverpool, mtaa mwingine wa Sydney hiyo hiyo, akamwogesha bibi, akampa uji na dawa, akamkalisha barazani penye jua. Jina lake bibi alilikata siku ya kwanza, na Candide akaliacha likatike. Hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa mtu wa kutazama. Alishajua kwamba bibi akianza kuizungusha pete kidoleni, kuna neno analizuia.

Habari za huyo baba alishazisikia hata angeweza kuzisimulia yeye. Clarence Tranter, wenyewe wakimwita Clarrie, alizaliwa shambani upande wa Windsor, zama New South Wales ilipokuwa bado koloni la Mwingereza. Alijua kupanda farasi kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipowaka Afrika Kusini, koloni likatafuta vijana wanaoelewana na farasi, naye akaenda Parramatta kujiandikisha, ndevu zenyewe bado za kuhesabika. Wakapakiwa melini, watu juu, farasi chini. Wake aliitwa Pepper, farasi jike mwekundu mwenye kidoa cheupe usoni. Safari nzima Clarrie alishinda huko chini naye, kwa sababu farasi hawezi kutapika kama mtu; bahari ikimchafua, inamchafukia humo humo tumboni.

Kule Afrika Kusini walizunguka wakimtafuta adui wasiyemwona, wakila biskuti ngumu kama vigae, wakinywa maji ya madimbwi. Pepper alikufa kwa njaa na uchovu. Clarrie akapewa mwingine, naye akafa. Yeye mwenyewe alishikwa na homa ya matumbo, akalazwa hemani, na waliolala kushoto na kulia kwake wakatolewa maiti. Aliporudi Sydney hakupanda farasi tena. Alimfunga kwenye gari la maziwa, akawa anatembea kando yake kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Alioa akiwa mtu mzima sana. Beryl alizaliwa baba ana mvi tayari, na alimzika akiwa bado msichana wa shule.

Vitu alivyoacha vilikuwa vichache: kofia iliyokunjwa ukingo upande mmoja, medali, kipande cha hatamu, na kisagio cha kahawa. Kisagio kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kikombe cha shaba juu, mkono wa kuzungusha, na chini droo ndogo ya kupokea unga. Hicho ndicho bibi alichopenda kukieleza. Mama mmoja wa Kikaburu, alisema, mtoto wake alikuwa na kiu, Clarrie akashuka kwenye farasi akampa maji yake yote. Yule mama hakuwa na cha kumshukuru nacho, akampa kisagio. Na kila alipofika hapo, pete ilizunguka.

"Lakini shaba imekuwa nyeusi," bibi alilalamika Jumatano. "Watasema nilikuwa mchafu."

"Nipe nikisafishe nyumbani, Bibi. Mama yangu anasugua kwa limau na chumvi, inang'aa kama mpya."

Bibi alisitasita, akakipapasa, halafu akakitoa. Candide akakivingirisha kwenye taulo, akakipakata ndani ya treni kama mtoto mchanga.

Mama yake, Gloriose, alikuwa ametoka ghalani Wetherill Park, anakopakia mizigo, miguu ameiloweka kwenye beseni.

"Na hicho nini tena?"

"Cha bibi. Tunakisugua."

Mama akakata limau, akaanza kusugua, huku Candide akimsimulia kilivyopatikana. Mama akasimamisha mkono.

"Yaani mama ana mtoto wa kiu, vita iko mlangoni, halafu anatoa kinu chake anampa soja?"

"Ndivyo bibi anavyosema."

"Na kesho yake asubuhi alisagia wapi?"

"Mama, mimi nitajuaje? Hao ni Wazungu."

"Kwani Wazungu hawaamki asubuhi? Haya."

Shaba ikang'aa. Candide akachukua taulo akifungie, mama akaruka, maji ya beseni yakamwagika.

"Weye! Unampelekea hivyo? Kitupu?"

"Ni kisagio, Mama, si bakuli."

"Ni chombo. Kimeingia kwangu. Chombo cha mtu kitoke kwangu kinalia njaa? Unataka yule mzee aseme Warundi hatukufunzwa?"

Candide akaona aibu. Hata kambini, siku ambazo posho haikutosha watoto, sahani ya jirani ilirudishwa na chochote, japo maharage ya kiganja. Mama akatoa buni za kukaanga alizoletewa kutoka mji wa Ngozi, Burundi, akazimimina kwenye kikombe, akazungusha. Kisagio kikakoroma, kikakubali. Droo ikajaa. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza ukarimu, akajaza na bakuli la plastiki sombe, kisamvu cha kwao, lifuatane nacho.

Alhamisi asubuhi bibi alikipokea kwa mikono miwili, akafurahia shaba, akavuta droo. Harufu ikapanda. Mkono ukabaki hapo hapo.

"Nani kaweka hii?"

"Mama yangu, Bibi. Kwetu chombo cha mtu hatukirudishi..."

"Mmekizungusha?"

"Ndiyo, Bibi. Bado kinasaga vizuri sana."

"Nani kawaambia mkizungushe? Nani?" Akakivuta kisagio kifuani. "Niondokee hapa. Nitapiga simu ofisini kwenu waniletee mwingine."

Candide akaenda jikoni. Kutoka kabisa hakuweza, mzee haachwi peke yake kabla ya dawa ya mchana. Akaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Simu moja ile ingetosha kumkosesha kazi, alijua. Akachungulia. Bibi hakuwa ameshika simu. Alikuwa amekumbatia kisagio mapajani, anavuta harufu.

Baada ya kitambo akaita, "Candy. Njoo ukae."

Candide akakaa.

"Nilipokuwa mdogo nilikitoa kabatini nikakizungusha, mchezo tu. Baba akatoka bafuni na povu la kunyolea usoni. Alikuwa hajawahi kunipiga. Siku ile alinipiga. Halafu akakaa sakafuni akaniambia."

Clarrie na wenzake waliamriwa kuchoma mashamba, Makaburu walioko vitani wasipate pa kula. Wanawake waliambiwa watoke na wanachoweza kubeba. Yule mama alitoka na mtoto mgongoni na kisagio mkononi.

"Baba akakipenda. Ndivyo alivyoniambia: nilikipenda tu, Beryl. Akamnyang'anya, akawasha paa. Wakati anakifunga nyuma ya tandiko, yule mama alinyoosha mkono, akakiomba kwa lugha yake. Mara moja tu. Kisha gari likawachukua kwenda kambini, Waingereza walikowafungia wanawake na watoto wa Makaburu."

"Na mtoto?"

"Wengi hawakutoka zile kambi. Baba hakujua. Mpaka anakufa hakuonja kahawa. Chai tu."

"Na yale maji?"

"Maji niliyatunga mimi," bibi alisema. "Nilitaka awe na maji."

Candide hakumwambia usijali. Yeye mwenyewe alizaliwa kambini. Mwisho akasema, "Mama yangu aliuliza, kesho yake yule mama alisagia wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sijui."

Bibi akafuta pua. "Wakijua, watamtupa, Candy. Alikuwa baba mwema kwangu."

"Huenda wakamtupa. Na najua alikuwa mwema, Bibi. Umeniambia."

Siku ile hapakupigwa simu.

Jumamosi haikuwa zamu ya Candide, lakini alikuja. Bwana wa klabu, Russell, alifika na sanduku na glavu nyeupe, akaisifu kofia, akaisifu medali, akakigeuza kisagio huku na huku. Akavuta droo.

"Kuna vumbi humu, nilimwage?"

"Si vumbi, ni kahawa. Iache."

"Itavuta wadudu, Bi Tranter."

"Basi funga vizuri hilo kabati lenu."

Russell akacheka, akatoa kalamu. "Na hiki ndicho alichopewa na yule mama baada ya kumpa maji. Ule mkasa nimeusikia, mzuri sana."

Candide, aliyesimama mlangoni na kikombe, aliangalia mikono ya bibi. Ilikuwa imetulia.

"Hakupewa. Alimnyang'anya, akamchomea nyumba. Andika hivyo."

Kalamu ikasita. "Pengine tungeandika... kilipatikana wakati wa vita."

"Kilipatikana! Kwani kilikuwa kimepotea? Andika alikuwa na miaka ishirini. Andika alimlilia farasi wake, andika alipeleka maziwa mtaa huu wote, mvua inyeshe isinyeshe. Andika na hilo. La sivyo kisagio hakitoki, na kofia haitoki."

Russell alimtazama Candide kama anayeomba msaada. Candide akanywa chai yake. Basi akaandika, taratibu, kisha akauliza jina la yule mama.

"Hakumwuliza," bibi alisema. "Hilo pia liandike."

Sanduku lilipokwisha kuondoka, bibi alilegea kitini, akataka na yeye chai. Candide alipochukua mkoba wake aende, bibi akamwita tena.

"Bakuli la mama yako liko mezani."

Lilikuwa zito. Candide akafunua kifuniko: malimau ya mti wa uani, yamejaa mpaka juu. Nani alimchumia, hakusema.

"Yale majani nilishindwa nayo, nilimpa jirani," bibi alisema. "Usimwambie mama yako."

"Simwambii, Bibi."

"Mwambie yalikuwa matamu. Mimi nimefunzwa."

Candide akalipakata bakuli mpaka Liverpool.