Saba Katika Chumba Kimoja

Mimi ndiye niliyeandika sheria za Club Tusaidiane ya Kampemba, kwa mkono wangu, katika daftari la jalada gumu, na sitamwomba mtu radhi kwa ukali wake. Watu husema Ngosa Numbi anapenda vifungu kuliko wajukuu wake. Waache waseme. Wajukuu wangu watatu walizaliwa katika nyumba ya uzazi iliyosimamishwa na vifungu hivyo: vyumba viwili, vitanda vinne, bati lisilovuja, na mama mjamzito haulizwi chochote mlangoni ila jina lake.

Mwaka ule wa 1993 Lubumbashi ilikuwa imepinduka. Mshahara wa mgodini ulikuwa hadithi tu, maduka yaliyoporwa miaka miwili nyuma yalikuwa bado yamefungwa, na majirani zetu waliofukuzwa kwa sababu babu zao walitoka mkoa mwingine walilala stesheni wiki kwa wiki, na masufuria yao, wakingoja treni. Klabu yetu ilikuwa na wanachama ishirini na wawili. Wengine walipanda treni hizo, wengine walivuka kwenda Zambia, wengine waliogopa tu. Ilipofika mwezi wa tano tulikuwa saba.

Saba ndiyo hesabu ya chini kabisa. Kifungu cha kumi na moja kinasema: “Kikao ni bamembre saba mu chumba moja, kabla ya saa sita ya muchana.” Kifungu cha kumi na mbili kinaongeza kwamba tukikosa saba mara tatu mfululizo, klabu imekufa na kiwanja kinarudi kwa aliyekitoa. Tuliandika hivyo ili asitokee mjanja mmoja akabaki peke yake na kuifanya nyumba kuwa yake. Aliyetupa kiwanja alikuwa mzee mwema. Mwanawe Léonard alirithi karatasi, wema hakuurithi, na sasa alitaka kujenga hapo depo ya bia.

Mwezi wa tatu tulikutana sita. Mwezi wa nne, sita tena.

Aliyekosekana alikuwa Séphora Kyakimwa, mkunga wetu, mzaliwa wa Butembo, mkoa mwingine, mke wa Paluku mwenye malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa. Mwezi wa pili Bwalya, aliyetupigia bati letu lote bure, alisimama kikaoni akaomba tuongeze neno moja kwenye kifungu cha uanachama: *originaire*. Mwanachama awe mzaliwa wa hapa. “Bale ba kukuja barudi kwabo,” alisema, na Séphora ameketi hatua mbili kutoka kwake, yeye aliyemzalisha binti wa Bwalya mara mbili.

Nikajibu kwamba pendekezo halikuletwa siku thelathini kabla, kwa hiyo halisikilizwi. Neno halikuingia. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa. Lakini hakuna aliyesema kwamba neno lenyewe ni baya, hata mimi. Nilijificha nyuma ya siku thelathini, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kesho yake Séphora akaniletea barua ya kujitoa. Kazi hakuiacha. Kila asubuhi alikuja, akafunga kitambaa kichwani, akazalisha. Kikaoni hakukanyaga tena. Nami, kwa kichwa changu kigumu, sikwenda kuketi naye. Nilimpelekea mwaliko wa maandishi, kama sheria inavyotaka.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano ilikuwa mara yetu ya tatu. Léonard alifika saa nne, na fundi mwenye kamba ya kupimia, na fundi huyo akaanza kupima ukuta wetu kabla hatujasali. Tuliketi sita. Chomba, prezidaa wetu, akanivuta pembeni.

“Mama Ngosa, andika tu jina ya Séphora. Iko hapa hapa, mu chumba ya pili, anazalisha. Nani atajua?”

“Miye nitajua,” nikamwambia. “Hii daftari haijabeba uongo hata siku moja. Haitaanza leo.”

Saa tano na nusu ikapita. Kutoka chumba cha pili tulimsikia Kiki, binti wa mtaa wa nyuma, mimba yake ya kwanza, akiugua tangu alfajiri. Hata kama Séphora angetaka kuja kwetu, asingeweza kumwacha. Léonard akatazama saa yake, akanitabasamia.

“Mama, sheria ni yenu. Miye sikuiandika.”

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniunguza. Nikafungua daftari, nikasoma kifungu cha kumi na moja kana kwamba kimeandikwa na adui yangu, nikitafuta tundu. Chumba kimoja, kilisema. Hakikusema kipi.

“Bebeni meza,” nikasema.

Bwalya aliruka. “Mu chumba ya kuzalia? Mama Ngosa, mwanaume haingiake mule!”

“Ataingia kinyumenyume.”

Nilibisha, nikatia kichwa. Mwenye chumba siku ile alikuwa Kiki, kwa hiyo nilimwomba yeye. “Kiki, mwanangu, tunaomba luhusa. Tufanye kikao humu. Banaume bataangalia ukuta.”

Kiki akasubiri uchungu upite. “Muingie! Lakini mufunge mulango, baridi inaingia!”

Basi wazee wangu wakaingia kwa visigino, meza katikati yao. Bwalya akagonga ndoo, Chomba akamkanyaga, kisha wote wakageukia ukuta kama wanafunzi waliochelewa shule. Léonard akataka kufuata. Séphora, bila kuinua kichwa, akasema, “Ule haiko membre. Abakie inje.” Akabaki nje, chini ya dirisha.

Ndipo Séphora akanitazama. “Munatafuta nini humu?”

“Kikao.”

“Miye nilishatoka.”

“Haujatoka. Barua ya kutoka inasomwa mu kikao, halafu inapigiwa kura. Tangu uliileta, kikao haikukuwa. Kwa sheria, uko membre.”

Alijua tunamhitaji kuliko hewa, na alijua kwamba tulimnyamazia siku aliyotuhitaji sisi. Angeweza kukaa kimya tu, nyumba ikaenda, na nisingekuwa na kifungu cha kumlaumu.

“Nikiitika, barua utaisoma?”

“Nitaisoma.”

“Yote?”

“Yote.”

Nikaita majina. Watano waliitika wakiuambia ukuta, nami nikajiitikia. “Kyakimwa Séphora.” Kiki akapiga kelele. “Sukuma, mwanangu,” Séphora akasema. “Sukuma tena. Njo vile.” Nilingoja na kalamu juu ya karatasi. “Niko,” akasema.

Saa sita kasoro dakika tisa nikaandika saba. Nimeandika tarakimu nyingi maishani, hakuna iliyonipa raha kama ile. Nikamsomea Léonard dirishani, kwa sauti, mara mbili. Nikasikia akimwambia fundi akunje kamba yake. Kabla hawajafika barabarani mtoto wa Kiki alitoka, msichana, akalia kwa nguvu, na wazee wakapiga makofi bila kugeuka.

“Funga kikao,” Chomba akaninong’oneza. “Tumeshinda, funga.”

Ningeweza. Lakini sheria iliyonibeba kabla ya saa sita nisingeitupa baada yake. Nikaitoa barua. Ilikuwa fupi.

“Nilizalisha batoto mia mbili na kumi na ine mu hii nyumba. Hakuna hata mumoja nilimuuliza baba yake anatoka wapi. Sasa miye munaniuliza. Ninatoka.”

Nikasema nililopaswa kusema mwezi wa pili: “Ile neno ilikuwa mubaya. Nilijua ni mubaya, nikasema tu mambo ya siku makumi tatu. Séphora, unisamehe.”

Bwalya, uso ukutani, shingo imeinama, akasema polepole, “Ile neno ni miye niliileta. Ninaiondoa. Mama Séphora, miye njo mupumbafu.”

“Kura,” nikasema. “Mwenye anakubali Séphora atoke, anyanyue mukono.”

Mikono mitano ilibaki mifukoni na mapajani. Wangu ulishika kalamu, nikaukaza. Ila sheria yangu inasema anayejitoa naye anapiga kura, na yeye akinyanyua mkono wake, basi ameondoka, hata kama wengine wote wamekataa. Hakuna mtu anayefungwa kwa nguvu katika klabu yetu. Kwa hiyo ilinibidi nigeuke nimuulize.

Mkono wake mmoja ulikuwa umemkumbatia mtoto kifuani. Wa pili ulikuwa unakanda tumbo la Kiki, taratibu, ili damu ikatike.

“Na weye, Séphora?”

Hakunitazama.

“Andika, Mama Ngosa,” akasema. “Mikono yangu iko na kazi.”