Mlango Uliosikika

Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mtaa wa Shika Adabu uliamkia manyunyu. Jioni, Kache, aliyepofuka mwaka jana, aliongozwa na bintiye, Tinga, hadi darasa la watu wazima, kuwaaga wenzake. Alichoka kuwa mzigo.

Mwalimu Nadhira alikuwa akisoma: nyangumi hutoa mlio gizani, na mwangwi humweleza palipo mwamba na palipo wazi.

Kache akaomba kimoyomoyo, kisha akapiga ulimi.

"Mama, wamwita paka?" Tinga akacheka.

Ukutani mlio ulirudi upesi. Akageuka, akapiga tena; ukaenda zake, ukapotea. Akaufuata uwazi ule polepole, hadi upepo wa nje ukambusu uso.

"Jamani, muwe mashahidi," akasema. "Siwaagi tena. Mungu akinijalia, nitajifunza hadi nije hapa peke yangu."