Kitambaa Kilichokunjwa Ndani

Alum alikuwa ameshika wembe kwa vidole viwili, akikata mshono wa ubavuni, uzi baada ya uzi, bila kukigusa kitambaa. Gauni la kijani lilikuwa limelala mezani kando ya cherehani. Mwenye gauni alikuwa mlangoni, mkoba ungali begani.

"Unafumua bure," Loice alisema. "Nimekuja nikuambie kwa mdomo, isiwe meseji. Jumamosi siendi."

"Basi kaa, unikatalie ukiwa umekaa."

Loice akacheka bila kutaka, akavuta kigoda.

Miaka kumi nyuma, shindano la kuimba la televisheni liliwakusanya wasichana watatu, ambao hakuna hata mmoja aliyetosha kushinda peke yake: Alum, mtoto wa kota za polisi, Loice, ambaye wazazi wake walitoka Kenya kuja kuuza viatu Bwaise, na Goretti wa Lubaga. Majaji wakawabatiza Mafiga. Watazamaji walilicheka jina, kisha wakalipigia kura mpaka likashinda. Waliimba harusini, wakaimba Gulu, wakafika Juba. Nyimbo zao mbili zilipigwa redioni hadi watoto wakazichoka. Halafu, bila ugomvi wowote, maisha yakawatawanya. Sasa televisheni ile iliwataka tena, kwa usiku mmoja, Jumamosi, na magauni yale yale ya fainali. Wote watatu, la sivyo hakuna.

"Goretti lake limemwingia," Alum alisema.

"Goretti ni ufagio! Mimi ni Nalongo." Tangu azae mapacha, Kasubi nzima ilimwita hivyo kwa heshima, lakini leo alilitamka jina hilo kama shtaka. "Nimelijaribu nyumbani kabla sijalituma kwako. Zipu imegoma katikati ya mgongo. Watu watasema figa la tatu limegeuka chungu."

"Na chakula kimo wapi kama si chunguni?"

"Wee Alum, usinichekeshe. Nina aibu kweli."

Uzi wa mwisho ulikatika, Alum akaufungua mshono kwa vidole gumba. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, kipana kama kiganja.

Mama yake, mke wa sajini, aliwashonea watoto wa kota sare za shule, na kila sare aliikunjia kitambaa ndani, kwa sababu mtoto hukua na mshahara haukui. Alum alipoyashona magauni ya fainali, mikono yake haikujua njia nyingine.

"Mlinicheka," alisema. "Mlisema nimewashonea mahema."

Loice aliinama kutazama. Kitambaa cha ndani kilikuwa kibichi kama jani lililochipua jana. Cha nje kilikuwa kimepauka kwa jua na majukwaa.

"Banange, jamani, huu mstari utaonekana. Kwenye taa zile utawaka."

"Uonekane. Unaukumbuka usiku wa fainali? Koo langu lilikauka. Ukauanza wimbo chini, chini kuliko tulivyozoea, ili nami niufikie. Mwenye sikio alisikia kwamba tumeshuka. Nani alitunyima kura?"

Loice aliinua uso. "Nilidhani hukujua."

"Nilijua. Maisha yangu yote haya, hiki chumba, hii cherehani, wateja wanaokuja kwa sababu ya jina la Mafiga, yalianzia pale uliposhusha sauti. Nilikosa tu njia ya kukushukuru. Simama."

Loice akasimama. Alum akamvika gauni juu ya nguo zake, akaubana ubavu uliofumuliwa kwa pini. Upande ule ulilala vizuri. Upande wa pili ulikuwa bado unambana.

"Pumua."

"Napumua nusu," Loice alisema, na safari hii alicheka kwa hiari yake.

Simu ikalia mkobani: mapacha walikuwa wameamka. Akalivua gauni taratibu, akichunga pini.

"Ubavu wa pili?"

"Kesho. Njoo asubuhi, Nalongo, na uje na koo."

Alum aliurudisha wembe katika karatasi yake, akalikunja gauni, nusu pana, nusu jembamba. Nje, sauti nene ya Loice ilikuwa ikishuka kuelekea barabarani, inajaribu ubeti wa kwanza.