Upana wa Kiganja

Gari lilikuwa jembamba kama samaki, la kiti kimoja, magurudumu yake manne yametoka nje kama miguu ya mdudu. Wilfrid Pargeter alilichora kwa penseli majira yote ya baridi, na sasa lilisimama bandani nyuma ya nyumba ya mama yao, kule Norfolk, bati tupu lisilopakwa rangi. Mdogo wake Edgar ndiye angeliendesha kwenye mashindano. Edgar alikuwa ameomba jambo moja tu: tundu la dereva, pale anapoingilia na kukaa, liongezwe upana wa kiganja.

"Kiganja kizima?" Wilfrid alimwambia. "Mdogo wangu, upepo ukipata pa kuingia hapo, tutapitwa hata na gari la maziwa."

Edgar akacheka, kama alivyozoea. Hakusema kwamba tangu kiangazi, gari la zamani lilipopinduka mtaroni, usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Siku ile alining'inia kichwa chini, mikanda imemkaba, petroli ikimdondokea shingoni tone kwa tone mpaka watu walipokuja kuliinua. Nyumbani alisema ameumia kidole. Wilfrid alikuwa ameacha kazi kiwandani ili amtengenezee magari. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba unaogopa?

Jumamosi moja wakatengeneza kiti. Kila dereva hutengenezewa kiti cha mgongo wake mwenyewe. Anakaa ndani ya gari, mfuko wa nailoni uko nyuma yake, dawa ya kopo moja inachanganywa na ya kopo la pili, inamiminwa mfukoni, nayo inaumuka kuwa povu, kama unga wa mkate, na kukauka ikiwa na umbo la mgongo wake. Baridi hulichelewesha povu hilo, na banda lilikuwa baridi sana. Kwa hiyo tangu asubuhi Wilfrid aliyaweka makopo kando ya jiko.

"Yamepata moto mno, kaka," Edgar alisema, tayari amekaa.

"Wewe kaa kama unavyokaa kwenye mbio. Ukitikisika utaharibu umbo."

Povu lilipanda upesi kuliko walivyozoea. Likamjaa kiunoni, likaja mbavuni, joto lake likipenya ovaroli. Chini ya bega Edgar alisikia mfuko ukipasuka, taratibu, kama mshono unaoachia. Kisha povu likaanza kuwa gumu.

"Nitoe."

Wilfrid akamshika makwapani akavuta. Hakusogea. Povu lilikuwa limegandamana na ovaroli, tena limevimba chini ya mdomo wa bati pande zote mbili, kama kizibo kwenye chupa.

"Toa pumzi, ujikonde kidogo."

"Nikiitoa hairudi, Wil."

Akavuta tena, mguu ameukaza kwenye gurudumu. Gari zima lilisogea, Edgar ndani yake. Lilikuwa halijatiwa petroli hata siku moja, lakini Edgar aliisikia harufu yake, na shingoni akahisi tone.

Mama yao, Hilda, akaingia na sinia la chai. Ni mjane aliyewalea kwa kufua nguo za watu na kwa kumwomba Mungu. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akaweka sinia chini.

"Kata hilo bati."

"Mama, ngoja. Povu likipoa hunywea kidogo. Nikikata hapa, gari lote linalegea. Ni kazi ya majira mazima hii."

"Linanywea kiasi gani?"

Wilfrid akalibonyeza povu kwa kidole; halikubonyea.

"Wil," Edgar alisema, maneno yakitoka mawili mawili. "Kule mtaroni sikuumia kidole. Nilijua nitaungua. Nikifumba macho niko kule. Ndiyo maana nilikuomba kiganja."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha kuchora."

Wilfrid akautazama mdomo wa bati alioung'arisha kwa mikono yake. Mama alikuwa ameanza kusali kimoyomoyo, ila macho hakuyafumba. Yalikuwa juu ya mwanawe mkubwa.

"Mungu alinipa watoto wawili," alisema. "Gari hakunipa."

Wilfrid akachukua mkasi wa bati. Bati lilipiga kelele upande mmoja, kisha wa pili, na pumzi ikamrudia Edgar. Mama akaikata ovaroli kwa mkasi wake wa kushonea, na Edgar akatoka na fulana tu, ovaroli ikibaki kitini, bonge la povu lililopenya limemganda mgongoni.

"Kama kobe," Mama alisema.

Wilfrid alikaa juu ya sanduku la vifaa, vipande viwili vya bati mapajani. "Naweza kuvirudisha. Misumari michache, hata havitajulikana."

"Ukivirudisha, tafuta mwingine wa kukaa humo," Edgar alisema.

"Lakini kiti kina mgongo wako."

"Basi na tundu liwe langu."

Chai ikapoa. Mwishowe Wilfrid akainuka, akachukua nyundo, akaanza kukunja ukingo uliokatwa ili usimchane mtu anayetoka kwa haraka. Mama akavichukua vile vipande aende akazibe banda la kuku, mahali mbweha anapopitia.

Ukingo ulipokuwa tayari Edgar akaingia, bado na fulana. Harufu ya petroli ilikuwapo vilevile. Akaweka mikono huku na huku, akajiinua, akatoka. Akasimama kidogo kwenye baridi, kisha akaingia tena.